Mbung'o Ndani ya Motokaa: Habari za Vizuizi vya Usukuma

Msafiri apitaye katika mapori ya Biharamulo, au atokaye Mwanza akaelekea mbuga za Serengeti, aghalabu kabla hajamwona simba wala twiga huonana kwanza na mdudu wa rangi ya udongo, akunjaye mbawa zake moja juu ya mwenziwe mfano wa makasi yaliyofungwa, aingiaye dirishani bila kishindo na kutua kifundoni au nyuma ya shingo. Na apigwapo kofi hafi, kwa kuwa kiwiliwili chake ni bapa na kigumu, bali huanguka sakafuni, akatulia kitambo, kisha akajificha chini ya kiti. Huyu ndiye mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, na kumtoa garini, jambo ambalo leo msafiri hulifanya ili kujiepusha na maumivu tu, zamani lilikuwa amri ya serikali na kazi ya kutwa ya watu walioajiriwa kwa ajili hiyo.

Asili ya amri hiyo ilikuwa msiba. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliangamiza watu zaidi ya 200,000 katika pwani na visiwa vya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, na mwaka 1903 daktari David Bruce akadhihirisha kwamba mwenye kuyachukua maradhi hayo ni mbung'o. Daktari wa Kidachi, Robert Koch, alifika Mwanza mwaka 1906, zama za Wadachi, kabla ya kwenda visiwa vya Sese, ambako dawa yake ya aseniki iliwafaa baadhi ya wagonjwa na kuwapofusha wengine. Kisha, mwaka 1922, malale yakazuka Maswa, mashariki ya Mwanza, baidi na ufuko, nayo hayakuwa ya mbung'o wa kandokando ya maji bali ya mbung'o wa porini, yule ambaye wataalamu walimpa jina la Swynnerton, Mwingereza aliyehangaika naye Shinyanga, mahali ambapo Wasukuma kwa maelfu walitoka na mashoka kuyafyeka mapori, ili mdudu huyo akose kivuli cha kupumzikia.

Katika nchi hiyo iliyofyekwa kwa jasho ndimo motokaa ilimoingia. Ng'ombe wa kukokota gari hakuweza kuvuka pori la mbung'o, kwani nagana, maradhi ya mifugo yaletwayo na mbung'o, ilimwua. Motokaa haina damu, ikapita. Lakini mbung'o hufuata kitu kikubwa, cheusi, chenye mwendo, na lori lenye vumbi machoni pake halina tofauti na nyati. Hulikimbilia, akatua chini ya bodi au juu ya shehena, akachukuliwa maili nyingi hata akashushwa pale pale palipofyekwa. Wala mmoja si haba: jike hupandwa mara moja, akaihifadhi mbegu umri wake wote, na baada ya kila siku tisa au kumi huzaa buu mmoja, ambaye hujizika udongoni.

Ndipo vikawekwa vizuizi. Mti ulilazwa njiani ukingoni mwa pori, na kando yake kibanda, na mlinzi mwenye wavu wa mpini mfupi; gari likisimama yeye hulizunguka polepole, akainama kutazama ndani ya madigadi, akafunua turubai, akapekua nyuma ya viti, na abiria wakashuka wakageuziana migongo, kwa kuwa mbung'o hupenda kusafiri juu ya kanzu ya mtu bila mwenyewe kujua. Mwenye baiskeli naye hakusamehewa. Katika baadhi ya nchi za Afrika lilijengwa banda refu la giza, gari likaingizwa zima zima, milango ikafungwa, pakaachwa dirisha dogo tu lenye wavu. Mdudu huyu hupenda nuru, basi huliacha gari kwa hiari yake akaenda kunaswa dirishani. Hila hiyo naistahi kuliko bomba la kupulizia magari DDT, dawa ambayo nguvu zake juu ya wadudu zilitambuliwa na mwanakemia Paul Müller mwaka 1939, ikaenea baada ya vita. Kwani bomba lataka mtu apulize sumu mle mle atakamokaa mtoto, na banda halitaki ila kumjua mdudu.

Swynnerton alikufa mwaka 1938 katika ajali ya ndege, na jina lake limo vitabuni. Walinzi wa nyavu, waliosimama juani mwaka baada ya mwaka wakihesabu mbung'o mmoja mmoja katika chupa, majina yao hayamo, nami nasikitika, kwa sababu maarifa yaliyobaki njiani ni yao. Dereva mzoefu wa Biharamulo, akishatoka porini, hapigi makofi hewani: husimama penye uwazi, akazima mashine, akafungua milango ya upande wa jua, akaziba vioo vya upande wa pili kwa kanga, akangoja. Mbung'o huanza kutambaa juu ya kioo cha mbele, akapotea kidogo, akaiona nuru mlangoni. Utingo, amepiga magoti chini, bado anatazama chini ya kiti.