Matairi ya majira ya baridi na funzo la Guangzhou la mwaka 2008

Mji wa Guangzhou, ambao ni mji mkuu wa mkoa wa Guangdong kusini mwa China, unajulikana kwa joto lake. Hata mwezi Januari, ambao ni wa baridi kuliko miezi mingine yote, wastani wa halijoto mjini humo ni nyuzi 14 hivi za sentigredi. Kwa hiyo mwenye gari wa Guangzhou hana desturi ya kwenda kwa fundi kubadilisha matairi kila mwaka, kama afanyavyo mwenzake wa Harbin, kaskazini mashariki mwa nchi, ambako mito huganda. Hata hivyo, mji huu wa joto umetoa mojawapo ya mafunzo makubwa katika historia ya swali linalowasumbua madereva wa nchi za baridi: je, ni wakati gani unaofaa kuliandaa gari kwa ajili ya majira hayo?

Asili ya swali hilo ni mpira wenyewe. Katika miaka ya 1830, Mmarekani Charles Goodyear alihangaika na mpira uliokuwa ukilainika na kunata wakati wa joto, na kukakamaa na kupasuka wakati wa baridi. Mwaka 1839 aligundua kwamba mpira ukipashwa moto pamoja na salfa huwa imara zaidi. Ugunduzi huo ulipunguza udhaifu wa mpira, lakini haukuuondoa kabisa. Hadi leo tairi la kawaida hukakamaa halijoto inaposhuka, na uwezo wake wa kushika barabara hupungua hata kama hakuna theluji.

Dawa ilipatikana katika nchi ya theluji nyingi. Mwaka 1934 kiwanda cha mpira cha Finland, Suomen Gummitehdas, kilitengeneza tairi la majira ya baridi kwa ajili ya malori, na mwaka 1936 kikatoa tairi la aina hiyo kwa magari madogo, lililoitwa Hakkapeliitta. Matairi ya siku hizi ya majira ya baridi hutengenezwa kwa mpira unaobaki laini kwenye baridi, na uso wake una mikato mingi myembamba inayoshika theluji.

Tairi lilipopatikana, likabaki swali la wakati. Nchi mbalimbali zimelijibu kwa njia tofauti. Nchini Sweden, tangu mwaka 1999, sheria inataka magari yawe na matairi hayo kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 31 Machi, hali ya barabara inapokuwa ya majira ya baridi. Wajerumani wana kanuni ya mdomoni isemayo kuanzia Oktoba hadi Pasaka, lakini sheria yao iliyofafanuliwa mwaka 2010 haitaji tarehe yoyote, bali inaangalia kama barabara ina theluji au barafu. Mafundi wengi nao hushauri kwamba halijoto ya asubuhi ikizoea kushuka chini ya nyuzi 7, usingoje tena. Anayengoja mpaka aone theluji kwa macho, huiona akiwa tayari yuko njiani.

Jambo hili si geni kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Nahodha wa jahazi aliyetaka kwenda Arabuni kwa upepo wa kusi hakutazama tu utulivu wa bandari ya Zanzibar au Mombasa. Alijua kwamba katikati ya msimu, mwezi Juni na Julai, bahari ya mbele huchafuka na bandari za huko hazifikiki. Kwa hiyo aliondoka mapema, au alisubiri mpaka nguvu ya kusi ipungue. Safari iliamuliwa kwa kufuata hali ya kule anakokwenda.

Sasa turudi Guangzhou. Kuanzia tarehe 10 Januari mwaka 2008, theluji na mvua ya barafu zilianza kuyakumba maeneo ya katikati na kusini mwa China. Sikukuu ya mwaka mpya wa jadi ilikuwa tarehe 7 Februari, na mamilioni ya wafanyakazi waliotoka vijijini walikuwa wakijiandaa kurudi nyumbani. Mjini Guangzhou kulikuwa na mvua na ubaridi tu. Lakini kilomita 200 hivi kuelekea kaskazini, katika milima ya Nanling inayoutenganisha mkoa wa Guangdong na mkoa wa Hunan, hewa yenye unyevu kutoka kusini ilipanda juu ya hewa baridi iliyolala chini, na mvua ikawa inaganda pale inapogusa lami, miti na nyaya za umeme.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Reli ya Beijing hadi Guangzhou ilikatika kwa kukosa umeme katika mkoa wa Hunan. Barabara ya kasi ya Beijing hadi Zhuhai ilifungwa milimani, na maelfu kwa maelfu ya magari yakakwama. Mengi yalitoka katika miji ya kusini, yakiwa na matairi ya kawaida na bila minyororo ya magurudumu. Katika kituo cha reli cha Guangzhou walikusanyika watu laki kadhaa wasioweza kusafiri. Waziri mkuu wa wakati huo, Wen Jiabao, alifika kituoni hapo tarehe 30 Januari, na siku mbili baadaye mwanamke mmoja alifariki katika msongamano. Kwa jumla, maafa hayo yaliua watu zaidi ya 100 nchini kote.

Ni haki kusema kwamba matairi peke yake yasingetosha. Juu ya barafu nyororo kama kioo, hata tairi bora huteleza. Ndiyo maana zinahitajika chumvi, minyororo, na mamlaka yenye ujasiri wa kufunga barabara mapema. Lakini kosa la msingi lilikuwa lile lile: maandalizi yalipimwa kwa hali ya hewa ya nyumbani, ilhali safari ilipita milimani. Tarehe 24 Januari mwaka 2016, theluji iliyochanganyika na mvua ilidondoka hata mjini Guangzhou, na wakazi wengi wakatoka nje kuitazama kwa mara ya kwanza maishani mwao.

Afrika Mashariki nayo hukutana na swali hili kwa upande wake wa pili. Baadhi ya magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japan hufika Dar es Salaam na Mombasa yakiwa bado na matairi ya majira ya baridi. Mpira wake laini, uliotengenezwa kwa ajili ya theluji, huisha haraka kwenye lami yenye joto, na gari huchelewa kusimama dereva anapokanyaga breki. Kwa mnunuzi wa gari kama hilo, wakati wa kubadilisha matairi ni kabla ya safari ya kwanza.