Habari za Msiba Zifikapo Nungwi

Ndugu msomaji, wewe uliyesikia somo hili redioni na sasa umeishika karatasi yake, itazame ramani ya Unguja. Ncha ya kaskazini kabisa ni Nungwi, kijiji cha wavuvi na mafundi wa majahazi. Leo twauliza: msiba unapotokea, chombo cha kupelekea habari humfaa nini mtu anayeangamia?

Aprili 1872, siku za Seyyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja. Mikarafuu na minazi iling'oka, vyombo vikavunjika bandarini. Waya wa simu ulikuwa haujafika hapa, basi habari zilipakiwa merikebuni mpaka Aden, na huko ndiko zilikopata waya wa kwenda Ulaya. Waya wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879. Tangu hapo habari zilihesabiwa kwa saa, si kwa majuma.

Sasa njoo mwaka 2011. Usiku wa tarehe 9 Septemba meli Spice Islander I iliondoka Unguja kwenda Pemba, imejaa kupita kiasi. Kabla ya alfajiri ilizama katika mkondo wa bahari upande wa Nungwi. Safari hii simu zilikuwa mifukoni mwa abiria, lakini simu haielei. Godoro laelea, na wako walionusurika kwa kushika magodoro. Waliowatoa majini walikuwa wavuvi wa Nungwi na mashua za wapiga mbizi wa hoteli za watalii. Wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini walikuja baadaye kuwatafuta waliobaki ndani ya meli, nao wakashindwa na kina na mkondo.

Lakini chombo kilichokosekana hasa, kwa maoni yangu, kilikuwa duni kuliko vyote: orodha ya majina. Meli iliruhusiwa abiria 600 na ushei. Maiti waliopatikana walikuwa kama 200. Tume ya uchunguzi, mwaka 2012, ikasema waliopotea wapita 1,000. Fikiri, msomaji: mitambo yote ile, na hakuna daftari la kusema nani alipanda. Ilibidi watu waulizwe, nani wenu hakurudi?

Hata mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilizama karibu na Chumbe, mchana.

Ulizaneni darasani: mara ya mwisho ulipopanda boti, nani aliliandika jina lako, na karatasi ile ilibaki nchi kavu au ilisafiri nawe?