Kesi Imefutwa, Jalada Bado Lipo

Galula, kwenye bonde la Rukwa, mtoto hujifunza maana ya kufuta siku za kwanza za shule: mwalimu akipitisha dasta, ubao unabaki mtupu. Kwa hiyo mtu akirudi kijijini kutoka mahakamani na kusema kesi yake imefutwa, ndugu hushusha pumzi. Mara nyingi wanaishusha mapema mno.

Mkurugenzi wa Mashtaka akiieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na shauri la jinai, mshtakiwa huachiwa, lakini hajashinda. Kosa lilelile linaweza kumrudisha kizimbani.

Tofauti hii, kati ya shauri kufutwa na shauri kumalizika, ina historia ndefu. Mwaka 1959, katika shauri la Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo cha wakulima wa tumbaku wa Songea, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba rufaa yenye kasoro ya kisheria inapaswa kufutwa, si kutupiliwa mbali. Kutupilia mbali ni kusema kulikuwa na rufaa halali, nayo imekwisha. Iliyofutwa haikuwahi kusikilizwa, hivyo mwenyewe anaweza kuirekebisha na kurudi, akiwahi muda au akiomba aongezewe. Mpaka leo majaji wetu wanairejea hukumu hiyo.

Kuna pia kufuta kwa namna ya tatu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema mwaka 2003 kwamba kielelezo cha maandishi kikishapokelewa lazima kisomwe mahakamani, mshtakiwa asikie kilichomo. Kisiposomwa, hufutwa kwenye kumbukumbu. Karatasi inabaki ndani ya jalada, wino wake haujaguswa, lakini jaji haruhusiwi kuitegemea. Wapo waliotoka gerezani kwa sababu karatasi haikusomwa kwa sauti.

Mahakama za mwanzo zimekuwa zikiendesha mashauri kwa Kiswahili kwa miongo mingi. Lakini rufaa ya mkulima ilipofika Mahakama Kuu, Mbeya, ilikuwa ikihukumiwa kwa Kiingereza, lugha yenye neno lake kwa kila kufuta. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili lugha ya mahakama zote. Nilifurahi, na bado nafurahi. Ila kwa kuwa Kiswahili kinaziita zote “kufuta”, ningetamani kila hakimu anayetamka “imefutwa” aongeze papo hapo, kabla mtu hajapanda basi la kurudi Galula, kama shauri hilo linaweza kufunguliwa tena.