Thamostati, au kidhibiti halijoto

Gari likianza kuchemsha, hukosi fundi wa kukwambia: “Toa hiyo thamostati. Nchi yenyewe joto hivi, ya kazi gani?” Anaitoa, anarudisha mpira wa rejeta, gari linaondoka. Anachodhani ni kwamba kifaa hicho kinazuia maji yasipoe. Nusu ya maelezo hayo ni kweli.

Mwaka 1830 mkemia wa Scotland, Andrew Ure, alipata hataza ya kifaa cha metali mbili na kukiita kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya joto na kusimama. Yaani joto likae pale pale, lisipande wala lisishuke. Kwa Kiswahili tunaweza kusema kidhibitijoto, au kirekebishajoto, au kidhibiti halijoto. Mimi nachagua hilo la tatu ingawa ni refu: injini hutoa joto muda wote inapowaka, kinachodhibitiwa ni nyuzi, na nyuzi ni halijoto. Tena halichanganyiki na kipimajoto, ambacho kazi yake ni kusoma tu. Dukani kwenye spea, hata hivyo, omba thamostati, usije ukaulizwa maswali.

Ndani ya thamostati ya gari mna kikopo kidogo cha metali kilichojazwa nta. Nta ikiyeyuka hutanuka, inasukuma pini, na vali inafunguka kwa kuishinda springi. Hakuna waya wala umeme. Nyuzi za kuanza kufunguka hugongwa kwenye chuma chenyewe, mara nyingi 82 au 88 za Sentigredi. Kabla ya hapo maji huzunguka ndani ya injini tu. Ukiiondoa, injini huchelewa kupata moto wake, kompyuta ya gari inaendelea kumwaga petroli ya ziada, na unyevu unabaki kwenye oili kwa kukosa joto la kuukausha.

Kuna jambo baya zaidi. Katika injini nyingi, zikiwemo za Toyota kadhaa, thamostati ina vali ya pili upande wa chini. Ya kwanza inapofungua njia ya rejeta, hii huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Thamostati isipokuwepo, njia ya mkato hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi ilikotoka bila kuiona rejeta. Gari lililotibiwa hivyo lisichemshe linaweza kuchemsha zaidi, hasa mlimani na mzigo.

Kuibadilisha nyumbani hakuhitaji mengi. Injini ipoe kabisa. Mfuniko wa rejeta ukifunguliwa ukiwa wa moto hurusha maji yanayobabua. Kinga kulanti kwenye beseni na uiweke mbali na paka na mbwa, kwani nyingi ni sumu. Fuata mpira wa juu wa rejeta mpaka unapoingia kwenye injini. Ukikuta hakuna, fuata wa chini. Hapo pana kifuniko cha bolti mbili au tatu. Kariri jinsi ya zamani ilivyokaa: springi hutazama ndani ya injini, na kitundu chenye pini ndogo, kama kipo, kwa kawaida hukaa juu ili hewa ipite. Kwangua mabaki ya gasketi bila kuchimba aluminiamu, weka gasketi mpya, kaza bolti kwa zamu.

Ya zamani ijaribu kwenye sufuria ya maji kabla ya kuitupa. Itundike kwa uzi isiguse chini, na kipimajoto kando. Ila ukiwa Nairobi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, nayo thamostati ya 82 huenda ikahitaji nyuzi 95 ili ifunguke yote. Ikiishia karibu na mwisho, usiihukumu. Isiposogea kabisa, imekufa.

Ukishajaza kulanti, washa injini na hita ya ndani, uache hewa itoke hadi mpira wa upande wa rejeta upate moto, kisha izime, ipoe, na uongeze kilichopungua.