MNYORORO WA BOBI – Sehemu ya 4

ILIPOISHIA: Jumanne asubuhi Keza, mtoto wa miaka 8, alikuwa akiteremka ngazi za udongo kwenda shule. Lango la Baba Shema lilikuwa wazi kama kawaida. Mbwa wake, Bobi, alitoka mbio, akamng'ata mguuni chini ya goti. Mama Keza akaokota jiwe. Baba Shema akatokeza akiwa na taulo mabegani, akasema: "Bobi hamgusi mtu asiyemchokoza."

SASA ENDELEA...

Jiwe halikurushwa. Fundi Goma aliukamata mkono wa Mama Keza ukiwa umeshainuka.

"Dada, tupa hilo. Kugombana kupo tu. Nipe mtoto kwanza."

Hakuna aliyelijua jina la fundi huyo pale mtaani. Alitoka Goma, akapanga chumba nyuma ya butiki, na kutwa nzima alilala chini ya malori yanayopanda na kushuka barabara ya Gatuna. Gereji za Gatsata, hapa Kigali, zina watu wengi wa namna hiyo: wanajulikana kwa mji waliotoka na kwa gari wanaloliweza. Alimbeba Keza mgongoni hadi bombani, akamkalisha juu ya jerikani lililopinduliwa, akaomba sabuni.

Matundu ya meno yalikuwa manne. Mawili yalikuwa madogo kama ya sindano, mawili yamechanika pembeni na kuacha ngozi ikining'inia. Soksi nyeupe ya shule ilikuwa imeganda damu. Jirani mmoja akaja na pilipili ya unga kwenye karatasi, akisema ndiyo dawa ya wazee. Mwingine akataka jeraha lifungwe haraka kwa kitambaa.

"Hakuna pilipili, hakuna kufunga," Fundi Goma alisema bila kuinua macho. "Maji na sabuni, robo saa nzima. Nani ana saa?"

Akaosha. Keza alilia, kisha akachoka kulia, akabaki akiyatazama mapovu yanavyoteremka mtaroni. Huko juu Baba Shema na Mama Keza walikuwa wakitupiana maneno kuhusu ukuta, kuhusu maji machafu ya mwaka juzi, kuhusu kodi ya nyumba, mambo yote ambayo hayakuwa na uhusiano na mguu wa mtoto. Robo saa ilipokwisha, fundi akasimamisha pikipiki.

"Hospitali. Sasa hivi. Chukua kadi ya bima, ya mituweli."

"Kwa kuumwa na mbwa tu?" Mama Keza aliuliza.

Fundi akasogea karibu ili mtoto asisikie. "Dada, mimi nimemwona binamu yangu akifa. Alikuwa na kiu, na kila akiletewa kikombe cha maji alikuwa anapiga kelele. Aliumwa na mbwa, kidonda kikapona vizuri, tukasahau. Ilipoanza, daktari alitwambia hakuna tena la kufanya."

Mama Keza hakuuliza tena. Akapanda pikipiki.

Mimi ninayewasimulia nina uchungu na jambo hili, na sitauficha. Chanjo ya kichaa cha mbwa si kitu cha jana. Mwaka 1885, huko Paris, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akaishi. Tangu siku hiyo dawa ipo. Lakini ugonjwa ukishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Ndiyo maana mtu anayefuga mbwa bila kumchanja na kumwacha azurure anacheza na maisha ya watoto wasio wake.

* * *

Siku za Jumanne wananchi hukutana, na mchana ule watu wa mtaa walikusanyika mbele ya butiki. Mudugudu, kiongozi wa mtaa, mama mmoja mpole asiyependa makelele, alisimama kwenye kivuli cha mwembe na daftari lake. Keza alikuwa amesharudi, mguu umefungwa bandeji, sindano ya kwanza imeshachomwa. Nyingine ingekuwa siku ya tatu, nyingine siku ya saba, na kuendelea.

Baba Shema alisimama akiwa amevaa shati safi. Tusimwonee. Duka lake la spea lilivunjwa mara mbili, wakaiba betri na taa za magari, na baada ya hapo ndipo alipotafuta mbwa. Mtu mwenye mali ana haki ya kuilinda. Lakini tangu Bobi afike, akina mama walipita njia ya mbali kuteka maji, na watoto walikuwa wakienda shule makundi makundi wakiwa na fimbo.

"Mimi mbwa wangu hukaa ndani," alisema. "Leo alitoroka. Kiumbe akitoroka, kosa langu ni lipi?"

Fundi Goma akanyoosha mkono. "Mudugudu, naomba. Kwetu Kongo iko sheria ya tangu 1888, enzi za Mfalme Leopold. Mjomba wangu alikuwa karani wa mahakama, kifungu cha 261 alitukaririsha. Mwenye mnyama analipa madhara, awe alikuwa naye, awe amepotea, awe ametoroka. Kutoroka hakumwondolei deni."

"Hapa si Kongo," Baba Shema akajibu.

"Na meno si ya Kongo," sauti ikatoka nyuma.

Alikuwa Bibi wa nyumba ya juu, yule asiyetoka nje giza likiingia. Watu wakampisha. Alipofika mbele hakumtazama Baba Shema, alilitazama lango lake kule chini.

"Mwanangu, mbwa wako sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni lango. Mwaka 1994 niliporudi kwangu, sikukuta mtu. Nilikuta mbwa wa majirani. Walikuwa wamenenepa."

Hakuna aliyekohoa. Waliokuwapo nchini mwaka ule hawakuhitaji maelezo. Msomaji wa mbali na ajue: katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mbwa walikula maiti za watu, na wapiganaji wa RPF waliwapiga risasi popote walipowakuta. Kwa muda mrefu baadaye usiku wa Rwanda ulipita bila mbwa kubweka. Kwa hiyo unapomwachia mbwa njiani hapa Kigali, hujui unamwamshia nani kitu gani.

"Kila akibweka mimi nakaa kitandani hadi asubuhi," Bibi akamalizia. "Sikuombi umuue. Nakuomba mnyororo."

Baba Shema aliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alionekana kama baba wa mtu. Lakini Mudugudu alikuwa na swali moja zaidi.

"Kadi ya chanjo unayo?"

"Ninayo." Akaitoa mfukoni haraka, kama mtu aliyekuwa akiisubiri zamu hiyo.

Mudugudu akavaa miwani. Akasoma. Akairudia kuisoma. Kisha akamtazama Bobi, aliyekuwa amefungwa kwa kamba kwenye nguzo: dume kubwa, rangi ya kahawia, sikio moja limekatika.

"Baba Shema, kadi hii ni ya mbwa jike. Mweusi."

* * *

Walikubaliana, kwa sababu Baba Shema hakuwa na pa kutokea. Angelipa nauli zote za hospitali na gharama yoyote ambayo mituweli haitaifikia. Bobi angefungwa mnyororo siku kumi, na veterineri wa umurenge, yaani sekta, angekuja kumwangalia. Baba Shema akikiuka lolote, kesi ingekwenda kwa abunzi, wale wapatanishi saba wa kagari, yaani seli, na huko wahusika huchagua watatu wa kuwaamua. Ufunguo wa kufuli ulibaki kwa Baba Shema mwenyewe. Mama Keza alilipinga hilo. Wengine wakamwambia aache, mtu ameshanyenyekea.

Kwa nini siku kumi? Veterineri aliwaeleza Jumatano, akiwa amesimama mbali na mbwa. Mate ya mbwa yakiwa na kirusi siku alipong'ata, mbwa huyo hataimaliza siku ya kumi akiwa mzima. Ataugua, atakufa. Akiwa mzima siku hiyo, mnapumua. "Lakini mtoto hangoji mbwa," alisisitiza. "Sindano zinaendelea."

Ijumaa Keza alichomwa ya pili. Jumamosi Bobi alikula ugali wote. Jumapili jioni Fundi Goma, akirudi kutoka gereji, alisikia mlio asioutambua nyuma ya ukuta. Haukuwa kubweka. Ulikuwa mkavu, umekwama kooni. Akachungulia kwenye upenyo wa lango. Sahani ya chakula ilikuwa imejaa. Bakuli la maji halikuguswa. Bobi alikuwa akiuma mnyororo, na povu lilikuwa likimdondoka hadi kifuani.

Fundi akampigia Mudugudu. Mudugudu akampigia veterineri, naye veterineri akaahidi kufika alfajiri. Baba Shema akagongewa, akajibu kutoka ndani kwamba mbwa ana mafua tu.

Alfajiri ya Jumatatu wakafika wote watatu. Mnyororo ulikuwa chini, umenyooka kwenye udongo. Kufuli lilikuwa kando yake.

Halikuvunjwa. Lilikuwa limefunguliwa kwa ufunguo.

Kijana wa irondo, doria ya usiku, akaja anahema: mbwa wa kahawia ameonekana akivuka barabara kuu, anaelekea stendi ya Nyabugogo, na saa hiyo abiria wa mabasi ya kwanza walikuwa wameshajaa.

Watu wakatawanyika mbio, wengine na mawe, wengine na simu. Mama Keza alibaki mlangoni kwake akiwa amemshika mwanawe. Ndipo Shema, kijana wa miaka 12, akajipenyeza ubavuni mwa nyumba, macho yakiangalia nyuma. Akakunja mkono wa sweta. Juu ya kifundo kulikuwa na kidonda kilichoanza kukauka.

"Mama Keza," alinong'ona, "mimi aliniuma kabla ya Keza. Jumapili ile ya nyuma. Baba alisema nikisema, watamuua Bobi."

Siku nane zilikuwa zimepita. Hakuwa amechomwa sindano hata moja.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO. Nani alifungua kufuli, na Bobi atawafikia wangapi kabla hajapatikana? Nawe msomaji, kama nyumbani kwako kuna mtoto aliyeng'atwa na mbwa akanyamaza, usingoje sehemu ya 5: osha kidonda kwa sabuni na maji mengi, mpeleke hospitali leo.