Survival ya Bob Marley na mwaka wa vita ya Kagera

Kwa watu wa Buganguzi, kama kwa Muleba na Bukoba nzima, 1979 ni mwaka wa vita. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalituvamia Oktoba 1978, yakalivunja daraja la Kyaka. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka mikononi mwa JWTZ na wapiganaji wa Uganda waliokuwa upande wetu. Mwaka huohuo mkoa wetu wa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera.

Ni mwaka huo pia Bob Marley na The Wailers walipotoa albamu ya Survival, waliyoirekodi mapema mwaka huo katika studio yao ya Tuff Gong, Kingston, wakisaidiana na mtayarishaji Alex Sadkin. Hakuna wimbo humo unaoitaja Kagera. Hata hivyo, santuri hii inatuhusu kuliko nyingine zote za reggae.

Tazama jalada lake. Msanii Neville Garrick alipanga bendera za Afrika safu kwa safu, na juu yake akaweka mchoro wa meli ya watumwa, watu wamelazwa ubavu kwa ubavu kama mizigo. Bendera ya Tanzania imo, na ya Uganda imo, miezi michache tu baada ya bunduki kunyamaza kati yetu. Zimbabwe ilikuwa haijazaliwa, kwa hiyo Garrick alitumia bendera za vyama vyake vya ukombozi.

Vyama hivyo tulivijua. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao makuu Dar es Salaam tangu 1963, na wapiganaji wa Zimbabwe walifundishwa katika kambi zetu, ikiwemo Mgagao, Iringa. Wimbo wa Zimbabwe ambao Marley alianza kuutunga alipozuru Ethiopia 1978 uliwahusu vijana hao.

Sokoni, Survival haikutikisa. Ilifika nafasi ya 20 Uingereza na ya 70 Marekani. Baada ya nyimbo laini za mapenzi za albamu ya Kaya ya 1978, hii ilikuja na siasa kavu, na redio za Marekani hazikuikumbatia.

Mapokezi yake ya kweli yalikuwa kwingine. Wapiganaji wa msituni waliuimba wimbo wa Zimbabwe vita ikiwa bado inaendelea. Serikali mpya ya Zimbabwe ilipomwalika Marley kwenye sherehe za uhuru, Aprili 1980, aligharamia mwenyewe kusafirisha vyombo hadi Harare, wakati huo ikiitwa Salisbury. Katika Uwanja wa Rufaro, wananchi waliozuiwa nje walilazimisha kuingia, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, onyesho likakatizwa. Marley alirudi jukwaani, na siku iliyofuata akawapigia wananchi onyesho jingine.

Huku kwetu, Bukoba ilikuja kumtoa Justin Kalikawe, aliyeimba reggae kwa Kiswahili. Kagera ilikwishakuwa na sikio la muziki huu.

Redio zetu humkumbuka Marley kila Mei 11, siku aliyofariki, na mara nyingi hupiga nyimbo zake za mapenzi. Zipige Survival pia, yote, upande wa kwanza na wa pili. Vijana wa Kagera wanastahili kujua kwamba mwaka ambao wazee wao walikuwa wakiilinda mipaka ya nchi, muziki mkubwa wa dunia ulikuwa umesimama upande wa Afrika.