Mtihani Uleule Bila Shahada: Tajiriba za Wanafunzi wa Chuo cha Wanawake cha Girton, Uingereza, 1869–1948

Utangulizi

Tarehe 16 Oktoba 1869, wanawake watano walianza masomo ya chuo kikuu katika nyumba ya kupanga iliyojulikana kama Benslow House, katika mji mdogo wa Hitchin, Uingereza. Wanawake hao walikuwa Emily Gibson, Anna Lloyd, Louisa Lumsden, Isabella Townshend na Sarah Woodhead. Chuo chao hakikuwa na majengo yake, hakikupata ruzuku ya serikali, na hakikutambuliwa na chuo kikuu chochote. Miaka minne baadaye kilihamia katika kijiji cha Girton, karibu na Cambridge, na kikachukua jina la kijiji hicho.

Historia ya Girton kwa kawaida husimuliwa kupitia waasisi wake, hususan Emily Davies na Barbara Bodichon. Makala hii inawatazama wanafunzi wenyewe: walivyoishi, walivyosoma, walivyotahiniwa, na walichokipata baada ya kufaulu. Hoja kuu ni kwamba mkakati wa chuo wa kudai mtihani uleule waliofanya wanaume ulithibitisha uwezo wa wanawake mapema sana, lakini uthibitisho huo haukuwapa uanachama wa chuo kikuu. Tangu wanafunzi wa kwanza walipofaulu mwaka 1873 hadi Cambridge ilipokubali kuwapa wanawake shahada mwaka 1948, ilipita miaka 75. Katika kipindi hicho wanafunzi ndio waliobeba gharama ya pengo kati ya kufaulu na kutambuliwa.

Usuli: Madai ya Usawa

Katikati ya karne ya 19, binti wa familia ya tabaka la kati nchini Uingereza hakuwa na njia ya kuingia chuo kikuu. Kaka yake aliandaliwa kwa miaka mingi kwa Kilatini, Kigiriki na Hisabati. Yeye mara nyingi alifundishwa nyumbani, au katika shule ambazo hazikumwandaa kwa mtihani wowote. Emily Davies, aliyezaliwa mwaka 1830 akiwa binti wa kasisi, aliijua hali hiyo kutokana na maisha yake mwenyewe. Katika miaka ya 1860 aliongoza kampeni iliyowawezesha wasichana kufanya mitihani ya shule iliyosimamiwa na Cambridge, kwanza kwa majaribio mwaka 1863, kisha rasmi kuanzia 1865.

Kutokana na kampeni hiyo Davies alifikia msimamo ambao hakuuacha maisha yake yote: mtihani maalumu kwa wanawake, hata ukiwa bora kiasi gani, ungehesabiwa kuwa mtihani wa daraja la chini. Kwa hiyo wanafunzi wake walitakiwa kufanya mitihani ileile waliyofanya wanaume, katika muda uleule, ukiwamo mtihani wa awali uliohitaji Kilatini na Kigiriki.

Si wote waliokubaliana naye. Mwaka 1871 kundi jingine, likiwa na Henry Sidgwick na Anne Jemima Clough, lilianzisha mjini Cambridge makazi ya wanafunzi wa kike yaliyokua na kuwa Chuo cha Newnham. Kundi hilo liliona kwamba si haki kumlazimisha mwanamke aliyenyimwa msingi wa Kigiriki kukimbizana na mwanamume aliyeanza somo hilo utotoni, na likamruhusu mwanafunzi achague mitihani iliyomfaa. Mvutano huo ulikuwa na uzito, kwa maana kila upande ulikuwa na hoja ya haki. Newnham ilizingatia hali ya mwanafunzi aliyekuwapo wakati huo. Girton ilizingatia wanafunzi ambao wangekuja baadaye. Wanafunzi wa kwanza wa Davies walilipia msimamo huo kwa kujifunza katika miezi michache mambo ambayo wenzao wa kiume walijifunza kwa miaka.

Maisha ya Hitchin

Hitchin ilichaguliwa kwa sababu iko kwenye njia ya reli kati ya London na Cambridge. Kuwaweka wanawake ndani ya Cambridge kungezua maneno. Kuwaweka mbali mno kungewanyima walimu. Hivyo wahadhiri walisafiri kwa treni kutoka Cambridge, wakafundisha, kisha wakarudi. Ada ilikuwa pauni 105 kwa mwaka, kiasi kilichowazuia wengi. Idadi ilipoongezeka kuliko nafasi za nyumba, lilijengwa jengo la muda la mabati ili wanafunzi wapate vyumba.

Udogo wa chuo uliwapa wanafunzi ukaribu ambao hawakuwahi kuupata kwingineko. Walikula pamoja, walisoma pamoja na kujadiliana hadi usiku. Hata hivyo, udogo huo uliwaweka pia chini ya macho ya wasimamizi kila saa. Mwaka 1871 wanafunzi waliigiza maonyesho kutoka tamthilia za Shakespeare wakiwa wamevaa mavazi ya kiume. Davies alipinga vikali. Kwake yeye, kashfa moja ndogo ingetosha kuwapa wapinzani sababu ya kukifunga chuo. Wanafunzi, ambao baadhi yao walikuwa watu wazima wenye uamuzi wao, waliona kwamba wanatendewa kama watoto wa shule. Mgogoro huo unadhihirisha tajiriba iliyojirudia kwa vizazi: mwanafunzi wa Girton hakuwa mwanafunzi tu, bali pia kielelezo. Mwenendo wake ulihesabiwa kuwa ushahidi kwa au dhidi ya wanawake wote.

Girton: Umbali na Chumba

Mwaka 1873 chuo kilihamia Girton, katika jengo la matofali mekundu lililosanifiwa na Alfred Waterhouse. Umbali kutoka katikati ya Cambridge ulikuwa takriban kilomita nne. Kwa waasisi umbali huo ulikuwa kinga. Kwa wanafunzi ulikuwa sehemu ya ratiba ya kila siku: kadiri wahadhiri walivyowafungulia wanawake milango, ndivyo wanafunzi walivyolazimika kusafirishwa mjini kwa magari ya farasi yaliyokodiwa, mara nyingi wakiwa na mwanamke mtu mzima wa kuwasindikiza. Mwanafunzi wa kiume alitoka chumbani kwake na kuingia ukumbini kwa miguu. Baiskeli ilipoenea katika miaka ya 1890, ilibadilisha sana uhuru wa wanawake wa kwenda na kurudi.

Ndani ya chuo kulikuwa na jambo ambalo wengi wa wanafunzi hao hawakuwa wamelipata nyumbani kwao: mlango wa kufunga. Kila mwanafunzi alipewa sehemu ya kulala na sebule ya kusomea. Katika familia za wakati huo, muda wa binti ulikuwa mali ya watu wote. Aliitwa kumpokea mgeni, kumsomea baba, kumwangalia mgonjwa. Girton ilimpa saa ambazo hakuna aliyekuwa na haki ya kuzikatiza. Si ajabu kwamba Virginia Woolf, alipozungumza na wanafunzi wa Newnham na Girton mwezi Oktoba 1928, aliijenga hoja yake juu ya fedha na chumba cha mtu binafsi; mihadhara hiyo ndiyo iliyozaa kitabu chake cha mwaka 1929. Inafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba utulivu huo uliwezekana kwa sababu kulikuwa na wanawake wengine, watumishi wa chuo, waliofagia vyumba, kupika na kubeba makaa ya moto.

Si kila mwanafunzi alitoka katika familia yenye uwezo. Sarah Marks, ambaye baadaye alijulikana kama Hertha Ayrton, alikuwa binti wa mtengeneza saa Myahudi aliyehamia kutoka Poland na kufariki mapema. Aliingia Girton mwaka 1876 kwa msaada wa fedha wa Barbara Bodichon na marafiki zake. Akiwa chuoni alishiriki kuanzisha kikosi cha zimamoto cha wanafunzi, na pamoja na Charlotte Angas Scott aliunda klabu ya Hisabati. Kikosi hicho kinaonyesha jinsi wanafunzi walivyojifunza kujitegemea: wakiwa mbali na mji, wasingeweza kusubiri msaada kutoka nje.

Mitihani na Jina Lisilosomwa

Mapema mwaka 1873 wanafunzi watatu walikuwa wa kwanza kufanya Tripos, yaani mtihani wa shahada ya heshima wa Cambridge: Sarah Woodhead katika Hisabati, Rachel Cook na Louisa Lumsden katika Kilatini na Kigiriki. Hawakuruhusiwa kuingia katika ukumbi wa mtihani pamoja na wanaume. Waliketi katika hoteli mjini Cambridge, wakaletewa maswali yaleyale, na majibu yao yakasahihishwa kwa hisani ya watahini, kwa kuwa hakuna kanuni iliyowalazimu kufanya hivyo. Wote watatu walifaulu. Wenzao waliwatungia wimbo wa kuwasifu, nao ukaimbwa chuoni kwa miaka mingi. Lakini majina yao hayakuingia katika orodha yoyote rasmi ya chuo kikuu.

Tukio la mwaka 1880 liliweka pengo hilo wazi mbele ya umma. Charlotte Angas Scott alipata alama zilizomweka sawa na mtu wa nane katika orodha ya Hisabati, somo lililoheshimiwa kuliko yote Cambridge. Siku ya kutangaza matokeo hakuruhusiwa kuwapo. Msomaji alipofikia nafasi ya nane na kutaja jina la mwanamume, wanafunzi wa kiume waliokuwa ukumbini walipaza sauti wakimtaja Scott wa Girton. Tukio hilo ni muhimu kwa sababu linaonyesha kwamba upinzani haukuwa wa wanaume wote. Baadhi ya vijana waliokaa katika mtihani huohuo walijua haki ilikuwa wapi.

Baada ya hapo maelfu ya watu walitia saini maombi ya kuungwa mkono kwa wanafunzi wa kike. Mwezi Februari 1881 Seneti ya Cambridge iliamua, kwa kura 398 dhidi ya 32, kwamba wanawake wa Girton na Newnham wawe na haki ya kufanya mitihani na matokeo yao yatangazwe. Hisani iligeuka kuwa haki. Hata hivyo, walichopewa waliofaulu kilikuwa cheti, si shahada. Mwaka 1887 Agnata Ramsay wa Girton alikuwa mtahiniwa pekee aliyewekwa katika ngazi ya juu kabisa ya daraja la kwanza katika Kilatini na Kigiriki. Naye pia hakupewa shahada.

Gharama ya Kutotambuliwa

Shahada ya Cambridge haikuwa karatasi tu. Ilimpa mwenye nayo sauti katika Seneti, na kwa hiyo sehemu katika kuamua mambo ya chuo kikuu. Aidha, ilikuwa sifa iliyotambulika na waajiri, hasa shule zilizoajiri walimu. Kumpa mwanamke shahada kulimaanisha kumpa kura, na hapo ndipo wengi waliokubali afanye mtihani waliposita.

Pendekezo la kuwapa wanawake majina ya shahada lilipigiwa kura mwezi Mei 1897. Waliopinga walizidi 1,700, na waliounga mkono hawakufika 700. Nje ya ukumbi umati wa wanaume ulitundika sanamu ya mwanamke aliyepanda baiskeli, kisha ukaiharibu ulipokuwa ukishangilia ushindi. Kwa mwanafunzi wa Girton aliyepita mitaa hiyohiyo kwa baiskeli kwenda mhadharani, ujumbe ulikuwa wazi.

Wahitimu walitafuta njia nyingine. Scott alipata shahada za Chuo Kikuu cha London, kilichowafungulia wanawake shahada mwaka 1878, na mwaka 1885 akahamia Marekani kufundisha Hisabati katika Chuo cha Bryn Mawr. Kati ya 1904 na 1907, zaidi ya wanawake 700 waliofaulu mitihani ya Oxford na Cambridge walivuka bahari kwa meli hadi Dublin, ambako Trinity College iliwatunukia shahada kwa msingi wa mitihani ambayo vyuo vyao wenyewe vilikataa kuitunuku. Wengine walijenga taasisi mpya: Lumsden aliongoza shule ya St Leonards, Uskoti, kuanzia 1877, Constance Maynard alianzisha Chuo cha Westfield, London, mwaka 1882, Frances Dove alianzisha shule ya Wycombe Abbey mwaka 1896. Hivyo mlango uliofungwa Cambridge uliwatawanya wahitimu wake, nao wakaandaa wasichana waliokuja kugonga mlango huohuo.

Oxford iliwapa wanawake shahada mwaka 1920. Mwaka uliofuata Cambridge ilikataa tena uanachama kamili na kuwapa wanawake jina la shahada tu, lisilo na kura. Baadhi ya wanafunzi wa kiume walisherehekea kwa kuharibu lango la Newnham. Davies alifariki mwaka huohuo wa 1921. Haki kamili ilipatikana mwaka 1948.

Hitimisho

Mjadala umeonyesha kwamba tajiriba ya wanafunzi wa Girton ilikuwa na pande mbili zisizotenganishwa. Chuo kiliwapa chumba, muda, marafiki na kipimo kisichoweza kubishaniwa. Wakati huohuo kiliwaweka mahali ambapo kila kosa lingekuwa la wanawake wote, na kila ushindi ungebaki kuwa wa mtu mmoja asiyetambuliwa. Msimamo wa Davies juu ya mtihani uleule ulithibitika kuwa sahihi kwa upande mmoja: baada ya 1880 ilikuwa vigumu kudai kwamba wanawake hawawezi. Lakini wapinzani walibadilisha hoja, wakaacha kuuliza kama mwanamke ana akili ya kutosha, wakaanza kuuliza chuo kikuu ni mali ya nani.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wanafunzi wa Girton walicheza vizuri kwa miaka 75 katika uwanja ambao wenyeji walikataa kuuita kwao. Historia yao inatahadharisha dhidi ya kuhesabu idadi ya wanaoingia na wanaofaulu kana kwamba ndiyo mwisho wa suala la usawa katika elimu ya juu. Swali linalobaki, katika chuo chochote, ni nani ana sauti pale maamuzi yanapofanywa.